Mkono wa Kurekebishia Si Dawa ya Saa Inayokimbia

Miongoni mwa wenye saa za kamani, wauzaji wake na sehemu kubwa ya mafundi wanaozitengeneza, imeota mizizi rai kwamba saa inayokimbia haina ugonjwa. Saa inayochelewa, kwa mujibu wa rai hiyo, imechoka au imechafuka, na ile inayosimama imeharibika. Lakini inayotangulia ina nguvu za ziada tu, nayo inahitaji kufunguliwa mfuniko wa nyuma na kusukumwa kidogo ule mkono mdogo wenye alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande wa pili. Kazi hiyo huchukua dakika chache, haihitaji mashine kufunguliwa vipande vipande, na mteja huondoka akiwa ameridhika. Hoja ya makala haya ni kwamba rai hiyo ni potofu katika msingi wake na ina madhara katika utekelezaji wake. Kukimbia kwa saa ni dalili yenye vyanzo vingi, vingi kati yake havihusiani hata kidogo na mkono huo, na kuusukuma kabla ya kukijua chanzo ni kulifunika kosa moja kwa kuzua jingine.

Upotofu wenyewe unaanzia kwenye dhana ya nguvu, kwa hiyo ni lazima ifahamike kwanza kinachoamua mwendo wa saa. Saa ya aina hii ina kamani mbili. Ya kwanza ni kamani kuu, utepe mrefu wa chuma uliokunjwa ndani ya pipa dogo, unaokazwa kwa kutia ufunguo au, katika saa za otomatiki, kwa kipande kizito kinachozunguka kila mkono wa mvaaji unapotikisika. Hiyo ndiyo hazina ya nguvu. Ya pili ni kamani ya mizani, uzi bapa wa metali, mwembamba mno, uliokunjwa pete ndani ya pete, ambao ncha yake ya ndani imefungwa kwenye mhimili wa gurudumu la mizani na ncha ya nje imeshikizwa kwenye daraja lililo juu ya gurudumu hilo. Gurudumu huzunguka upande mmoja mpaka kamani yake ikalirudisha, likapita katikati na kwenda upande wa pili, nayo kamani ikalirudisha tena. Kila linapopita katikati, kipande chenye pembe mbili kiitwacho panda hulipa msukumo mdogo unaotoka kwa kamani kuu, na papo hapo huliachia jino moja la gurudumu linalofuata lisogee, na kusogea huko ndiko kunakopeleka akrabu mbele. Saa nyingi za mkononi za leo hufanya mipito 21,600 au 28,800 kwa saa moja, yaani 6 au 8 kwa kila sekunde, na akrabu hazina njia ya kujua wakati isipokuwa kwa kuihesabu mipito hiyo.

Muda wa mpito mmoja huamuliwa na vitu viwili: ugumu wa kamani ya mizani, na uzito wa gurudumu pamoja na jinsi uzito huo ulivyotawanyika mbali na mhimili. Nguvu ya kamani kuu haimo katika hesabu hiyo. Nguvu ikiongezeka, gurudumu hubembea kwa upana mkubwa zaidi, lakini pia hupita kwa kasi kubwa zaidi, hivi kwamba mbembeo mpana na mbembeo mfupi huchukua karibu muda uleule. Hilo ndilo lililokuwa tunda kubwa la kazi ya Christiaan Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi aliyetangaza mwaka 1675 matumizi ya kamani ya pete katika gurudumu la mizani, ingawa Robert Hooke wa Uingereza alidai kwamba wazo hilo lilikuwa lake kabla. Saa zilizotangulia zilikuwa na gurudumu lisilo na kamani, na katika hizo ni kweli kwamba nguvu ilipozidi saa ilikimbia na ilipopungua saa ilichelewa. Anayesema leo kwamba saa inatangulia kwa sababu ina nguvu nyingi anaeleza kwa usahihi mashine ambayo imepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka 340, na kisha anaitumia sheria ya mashine hiyo kuitengeneza mashine nyingine.

Je, mkono wa kurekebishia hufanya nini hasa? Una vijiti viwili vidogo vinavyoikumbatia pete ya nje ya kamani ya mizani karibu na mwisho wake, na sehemu inayofanya kazi ni ile tu iliyo kati ya vijiti hivyo na mhimili. Mkono ukisukumwa kuelekea alama ya kutoa, au herufi R katika mashine zenye maandishi ya Kifaransa na S katika zile za Kiingereza, vijiti husogea kuelekea ncha iliyoshikizwa, sehemu inayofanya kazi hurefuka, kamani hulegea na saa hupungua mwendo. Hesabu yake inafaa kutazamwa kwa makini. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo saa inayotangulia kwa dakika moja kwa siku ina kosa lisilofika asilimia 0.07, na kwa kuwa muda wa mpito hufuata kipeuo cha pili cha urefu wa kamani, yaani urefu lazima ubadilike kwa takriban mara mbili ya kiasi ambacho mwendo unabadilika, kulifuta kosa hilo kunahitaji badiliko la asilimia 0.14 hivi. Kwa kamani yenye urefu wa sentimita 10, hiyo ni milimita 0.14. Chombo cha namna hii kiliwekwa kwa ajili ya kumalizia kosa dogo lililobaki katika saa nzima isiyo na hitilafu, na uwezo wake wote, kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia yake, kwa kawaida ni wa dakika chache kwa siku. Kukifanya kiwe tiba ya kwanza ya kila saa inayokimbia ni kukitwisha mzigo ambao hakikuumbwa kuubeba.

Chanzo cha kwanza kinachopaswa kutafutwa, hasa saa iliyokuwa ikienda vizuri inapoanza kukimbia ghafla, ni sumaku. Kamani nyingi za mizani za leo hutengenezwa kwa aloi za chuma na nikeli zilizotokana na utafiti wa Charles Édouard Guillaume, mzaliwa wa Uswisi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920 kwa kazi yake juu ya aloi hizo. Faida yake kubwa ni kwamba hazibadiliki sana kwa joto na baridi, ilhali kamani ya chuma cha kawaida ikiambatana na gurudumu la shaba huipotezea saa takriban sekunde 10 kwa siku kwa kila digrii moja ya Selsiasi joto linapopanda. Lakini chuma na nikeli vyote viwili huvutwa na sumaku, na aloi hizi hazikuokoka na tabia hiyo. Kamani ikiingiwa na usumaku, pete zake huvutana. Baadhi hukaribiana mno au hugusana kabisa, sehemu inayofanya kazi hufupika, na saa huanza kutangulia kwa dakika kadhaa kwa siku, pengine kwa zaidi ya hapo. Vyanzo vya usumaku vimejaa katika maisha ya kila siku: spika za redio na za simu, vifungo vya mikoba, vifuniko vya kompyuta ndogo, mashine za umeme za karakana. Kiwango cha kimataifa cha saa zinazostahimili sumaku, ISO 764, hudai kwamba saa iwekwe katika uga wa sumaku wenye nguvu ya ampea 4,800 kwa mita na bado mwendo wake usipotoke kwa zaidi ya sekunde 30 kwa siku, na sumaku ya kifungo cha mkoba inapoigusa saa inaweza kukipita kiwango hicho kwa mbali.

Kupima ni rahisi. Dira ndogo ikiwekwa juu ya saa, sindano yake hucheza au hutetemeka pamoja na gurudumu la mizani ikiwa kuna usumaku ndani. Kutibu nako ni rahisi: saa hupitishwa katika koili yenye mkondo geu wa umeme, yaani mkondo unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, kisha hutolewa polepole na kusogezwa mbali kabla umeme haujazimwa, kwa sababu umeme ukizimwa saa ikiwa bado ndani, saa inaweza kubaki na usumaku mpya. Kazi yote huisha kabla fundi hajamaliza kufungua mfuniko wa saa ya pili. Sasa na itazamwe njia ya rai iliyozoeleka. Saa iliyoingiwa na sumaku, inayotangulia kwa dakika 4, husukumwa mkono wake hadi karibu na mwisho wa alama ya kutoa, ikaonekana kupona. Usumaku haukai katika kiwango kimoja. Saa ikipita tena karibu na spika hubadilika, na ikikutana na fundi mwenye koili ya kuutoa, usumaku hutoweka na saa huanza kuchelewa kwa dakika 4 zilezile. Fundi huyo ataambiwa kwamba ameiharibu saa iliyokuwa nzima. Lawama hiyo si ya haki, na imezaliwa na yule aliyekwisha kulipwa na kusahauliwa.

Sumaku si njia pekee ya kuzifanya pete za kamani zishikane. Mafuta yanayotambaa kutoka kwenye vito, ambavyo ni mashimo ya mawe magumu yanamozunguka ncha za mihimili, yakifika kwenye kamani hutosha kuzigandisha pete mbili pamoja. Hapa inafaa isemwe wazi kwamba desturi ya kuimwagia mashine nzima petroli bila kuifungua, ambayo imeenea katika vibanda vingi kwa jina la kusafisha, ni kiwanda cha saa zinazokimbia. Petroli huyeyusha mafuta yaliyo pale yanapotakiwa, huyasambaza mpaka pale yasipotakiwa, kisha hukauka na kuacha utando mwembamba juu ya kila kitu, ikiwemo kamani ya mizani. Saa iliyotoka katika dawa hiyo ikianza kutangulia kwa nusu saa, mkono wa kurekebishia hauwezi kuifikia hata ukisukumwa hadi ukomo wake. Kwa makadirio ya hesabu iliyotajwa, kamani iliyopoteza sehemu moja ya kumi ya urefu wake unaofanya kazi huikimbiza saa kwa zaidi ya saa nzima kwa siku, na hakuna mkono unaoweza kurudisha kiasi hicho. Hali kama hiyo hutokea pia saa inapoanguka au kugongwa, na pete ya pili ya kamani ikaruka na kunaswa kwenye kijiti cha mkono au kwenye kishikizo cha ncha ya nje. Inatosha fundi kuitazama kwa lenzi na kuitoa pete hiyo mahali iliponasa kwa ncha ya sindano. Anayeanza kwa kuusukuma mkono wakati pete imenaswa huipinda kamani, na kamani iliyopindwa ni kazi ya mikono michache sana.

Wenye rai ya nguvu za ziada wanaweza kudai kwamba kuna saa ambazo kwa kweli hukimbia kwa kuzidiwa na nguvu. Dai hilo lina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo unawapinga wao wenyewe. Gurudumu la mizani lenye afya, saa ikiwa imelazwa na kujazwa ufunguo, hubembea digrii 270 hadi 310 hivi kila upande kutoka katikati. Chini yake kuna kijiti cha kito kinachoingia kati ya pembe mbili za panda kupokea msukumo. Mbembeo ukipanuka kupita kiasi, kwenye digrii 330 au zaidi, kijiti hicho huzunguka karibu duara zima na kuigonga pembe ya panda kwa nje. Gurudumu hurudishwa kwa kishindo kabla ya kumaliza safari yake, mpito hukatwa, na saa hukimbia kwa namna ya kushtusha, ikisikika kama inayopiga mbio. Chanzo chake mara nyingi ni kamani kuu isiyo ya saa hiyo, nene au pana kuliko ile ya kiwandani, iliyowekwa na fundi aliyekosa ya saizi halisi, na dawa yake ni kuibadilisha kamani hiyo. Mkono ukisukumwa kuelekea kutoa, saa hupunguzwa mwendo saa zote, pamoja na zile ambazo haigongi. Kwa hiyo hutangulia asubuhi ikiwa imejaa ufunguo na kuchelewa usiku nguvu zikipungua, huku pembe za panda zikiendelea kupigwa mara kadhaa kwa kila sekunde. Hata pale ambapo nguvu ndiyo chanzo, basi, mkono si tiba.

Kinyume cha hali hiyo ndicho kinachowashangaza wengi: saa inaweza kukimbia kwa sababu ya udhaifu. Gurudumu la mizani halikosi kuwa na upande mmoja mzito kidogo kuliko mwingine. Saa ikiwa imelazwa, tofauti hiyo haina athari, kwa kuwa mhimili umesimama wima na uzito hauvuti upande wowote. Saa ikisimamishwa kama inavyokaa mkononi, upande mzito huvutwa chini na kuingilia kazi ya kamani, na athari yake hutegemea upana wa mbembeo. Upande mzito ukiwa chini wakati gurudumu limetulia, saa hutangulia ikiwa mbembeo ni mdogo kuliko digrii 220 hivi, na huchelewa ukiwa mkubwa kuliko hapo. Ukiwa juu, mambo hugeuka. Kwenye digrii 220 zenyewe kosa hutoweka. Saa iliyokaa miaka mingi bila kusafishwa, ambayo mafuta yake yamekauka na mbembeo wake umeshuka hadi digrii 190, inaweza basi kutangulia kwa sekunde nyingi katika mkao mmoja na kuchelewa katika mwingine, bila kitu chochote ndani yake kuwa na nguvu za ziada. Kuusukuma mkono wa saa kama hiyo ni sawa na kazi ya muuzaji ambaye mizani yake ya dukani imegandiwa na tope chini ya sahani moja, naye badala ya kulibandua akaongeza kokoto kwenye sahani ya pili. Mizani italingana mpaka siku tope litakapodondoka. Siku hiyo, kwa saa, ni siku itakapopelekwa kusafishwa: mbembeo utarudi kwenye digrii 280, mkao uliokuwa ukitangulia utaanza kuchelewa, na marekebisho yote ya awali yatageuka kuwa kosa.

Watetezi wa rai iliyozoeleka wana jibu wanalolitegemea zaidi kuliko mengine, nalo ni kwamba njia yao inafanya kazi. Saa huwekwa juu ya mashine ya kupimia mwendo, ambayo husikiliza mipito kwa maikrofoni na kuchora mstari. Mkono husukumwa mpaka mstari ukalala sawa, na mteja hurudishiwa saa isiyo na kosa. Lakini kilichopimwa hapo ni mkao mmoja, kwa dakika moja au mbili, saa ikiwa imejazwa ufunguo mezani. Taasisi ya Uswisi inayothibitisha kronometa, COSC, huipima kila mashine kwa siku 15, katika mikao 5 na viwango 3 vya joto, nyuzi 8, 23 na 38 za Selsiasi, ndipo itoe kauli. Hakuna anayemtaka fundi wa Kariakoo au wa Mombasa awe na maabara ya namna hiyo. Anachotakiwa kufanya ni kuugeuza mshikio wa mashine yake ili saa ikae katika mikao mitatu au minne, kisha asome tarakimu mbili badala ya moja: mwendo, yaani sekunde zinazozidi au kupungua kwa siku, na upana wa mbembeo. Mashine ileile inayoonyesha ya kwanza huonyesha ya pili kando yake. Kuisoma moja na kuipuuza nyingine ni uzembe ambao hauwezi kutetewa kwa hoja ya umaskini wa vifaa.

Nyuma ya jibu hilo kuna kosa kubwa zaidi la kufikiri, ambalo ni kuamini kwamba saa nzuri ni ile yenye kosa la sifuri. Wale walioitegemea saa kwa maisha yao hawakuamini hivyo. Baharini, nahodha aliyetaka kuijua longitudo yake, yaani umbali wake mashariki au magharibi ya mstari maalumu, alihitaji saa yenye kushika wakati wa bandari alikotoka, na kosa la sekunde 4 liliweza kumpoteza kwa maili moja ya bahari akiwa karibu na ikweta. Hata hivyo hakudai saa isiyotangulia wala kuchelewa. Alidai saa inayotangulia kwa kiasi kilekile kila siku, akakiandika kiasi hicho na kukitoa katika hesabu yake. Saa ya nne ya John Harrison ilipopelekwa Barbados mwaka 1764 kwa jaribio lake la pili, ilitangazwa mapema kwamba ingetangulia kwa takriban sekunde 1 kwa siku, na ni kwa tangazo hilo ilipimwa. Katika majaribio ya karne ya 19 huko Greenwich, kronometa zilipangwa kwa daraja kulingana na jinsi mwendo wao ulivyobadilika kutoka wiki moja hadi nyingine: ilichukuliwa tofauti kati ya wiki yenye mwendo mkubwa kabisa na yenye mwendo mdogo kabisa, ikajumlishwa na mara mbili ya tofauti kubwa kupita zote kati ya wiki mbili zinazofuatana. Ukubwa wa mwendo wenyewe haukuhesabiwa. Kanuni za leo za COSC zina roho ileile, kwa kuwa zinaruhusu wastani wa mwendo uwe popote kati ya kuchelewa sekunde 4 na kutangulia sekunde 6, lakini zinataka wastani wa mabadiliko ya mwendo usizidi sekunde 2.

Mafunzo ya historia hiyo kwa fundi ni ya moja kwa moja. Saa inayotangulia kwa sekunde 30 kila siku, iwe imevaliwa au imelazwa, asubuhi na usiku, ni saa yenye afya iliyowekwa vibaya. Na hiyo, hiyo pekee, ndiyo saa ambayo mkono wa kurekebishia ni dawa yake kamili. Saa nyingi za otomatiki za bei nafuu zinazovaliwa Afrika Mashariki zimo katika hali hiyo tangu kiwandani. Seiko yenyewe, kwa mashine zake za 4R35 na 4R36, huahidi mwendo kati ya kutangulia sekunde 45 na kuchelewa sekunde 35 kwa siku, kwa hiyo mwenye saa inayotangulia kwa sekunde 25 hana hitilafu ya kulalamikia, ila ana haki ya kuomba iwekwe karibu zaidi. Lakini saa iliyotangulia sekunde 90 jana, 20 leo na 60 kesho haijawekwa vibaya, inaumwa. Nayo ikisukumwa mkono wastani wake utaonekana mzuri ilhali haitegemeki kwa siku hata moja.

Wapo pia wasemao kwamba kukimbia ni kosa lisilo na hasara, kwa sababu afadhali mtu awahi kuliko achelewe. Kauli hiyo inaweza kumfaa anayekwenda kupanda basi. Haimfai mfungaji wa Ramadhani mbali na msikiti, mwenye ratiba ya magharibi mkononi na saa inayotangulia kwa dakika 3, ambaye atafungua kabla jua halijazama. Wala haimfai mtu yeyote ambaye jambo lake lina mwanzo na mwisho, kwani saa inayotangulia humwahisha mtu kufika na pia humwahisha kuondoka.

Inabaki hoja ya gharama, na hiyo inastahili heshima kuliko zote, kwa sababu mteja wa kawaida hana fedha za kuifungua saa nzima, kuisafisha kipande kwa kipande na kuitia mafuta upya. Ila hoja hiyo inadhania kwamba uchunguzi ni ghali, na si kweli. Dira ni ya bei ndogo, koili ya kutoa usumaku ni miongoni mwa vifaa rahisi kuliko vyote vya karakana, na kuitazama kamani kwa lenzi hakugharimu kitu. Hatua hizo tatu zinaweza kufanywa mteja akiwa amesimama, nazo hunasa sehemu kubwa ya saa zinazokimbia ghafla. Zikishindwa, na mbembeo ukaonekana kuwa dhaifu, fundi mwaminifu humwambia mteja kwamba saa inahitaji kusafishwa, na mteja akisema hana uwezo kwa sasa, bado ni bora aondoke na saa inayokimbia ambayo ugonjwa wake umetajwa kuliko inayoonekana nzima. Mkono usiosukumwa hauongezi gharama ya matengenezo yajayo. Uliosukumwa hovyo huiongeza, hasa katika mashine ambazo juu ya gurudumu la mizani zina mikono miwili, mmoja wa mwendo na mwingine unaobeba ncha ya nje ya kamani. Huo wa pili kazi yake ni kuisawazisha midundo, ili muda wa kwenda ulingane na wa kurudi. Anayesukuma kwa pupa huusogeza asioukusudia, saa ikaanza kupiga mdundo mrefu na mfupi, na ikisimama hushindwa kujiwasha yenyewe inapovaliwa tena.

Kuna hata saa ambazo rai hii haiwezi kuzifikia kabisa, kwa kuwa hazina mkono. Rolex na Patek Philippe, kwa mfano, katika mashine zao nyingi, wameuondoa na kuacha kamani ibembee huru kwa urefu wake wote, huku mwendo ukirekebishwa kwa vizito vidogo vilivyo kwenye gurudumu lenyewe: vikisogezwa mbali na mhimili gurudumu huwa zito zaidi kulizungusha na saa hupungua mwendo. Sababu mojawapo ya uamuzi huo ni kwamba vijiti vya mkono, kwa nafasi iliyo kati yao, hubadilisha urefu halisi wa kamani kadiri mbembeo unavyopanuka na kupungua. Mbembeo ukiwa mdogo, kamani hucheza kati ya vijiti bila kuvigusa vya kutosha, na saa huchelewa. Watengenezaji hao, kwa maneno mengine, waliuona mkono wenyewe kuwa chanzo cha kosa.

Kwa saa zilizo nao, na ndizo nyingi, utaratibu unaofaa huanza na dira na lenzi, hufuatiwa na upana wa mbembeo na mwendo katika mikao mbalimbali, kisha matengenezo ya kile kilichopatikana, na mkono hufika mwisho. Ukishasukumwa, saa iachwe iende siku nzima, ipimwe tena ikiwa imejaa ufunguo na baada ya saa 24, na tarakimu zote ziandikwe kwenye karatasi anayopewa mteja: mwendo katika kila mkao, mbembeo, na tarehe. Mteja atakayerudi baada ya mwaka na saa iliyoanza kukimbia, kwa fundi huyo au kwa mwingine, atakuwa na ushahidi mfukoni kwamba mkono ulikuwa mahali pake na kwamba kilichobadilika ni kitu kingine ndani ya mashine, ambacho sasa kinaweza kutafutwa.